Uziduaji wa zebaki katika udongo

Uziduaji wa zebaki katika udongo ni njia ya kikemia ya kutoa zebaki kwenye sampuli kwa vimiminika mbalimbali, ili kujua jinsi ilivyoshikamana na udongo.

Mwaka 2003 Nicolas Bloom na wenzake walichapisha njia ya hatua tano: maji, asidi dhaifu inayofanana na ya tumboni, potasiamu haidroksaidi, asidi nitriki kali, kisha mchanganyiko wa asidi nitriki na haidrokloriki. Zebaki inayotoka katika hatua mbili za kwanza ndiyo inayoingia kwa urahisi zaidi katika maji na viumbe.

Udongo mwekundu wa tropiki, kama ulioko sehemu za Milima ya Pare wilayani Same, una oksidi nyingi za chuma na alumini, nazo hushika zebaki. Njia hiyo haina hatua maalumu kwa oksidi hizo. Kwa hiyo katika hatua ya nne zebaki yake inaweza kuchanganyika na zebaki ya metali, ambayo wachimbaji wadogo nchini Tanzania huitumia kunasa dhahabu.

Ndiyo sababu njia hujaribiwa kwanza: jumla ya hatua zote hulinganishwa na zebaki yote iliyopimwa kwa pamoja. Sampuli hazikaushwi kwa moto, kwa kuwa zebaki ya metali huvukizwa na kupotea.