Gari la Sinema: Historia Fupi ya Shuka Nyeupe Chini ya Miembe

Unyamwezi ni nchi ya watu waliozoea kukusanyika jioni. Misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo na ile iliyorejea kutoka Ujiji ilikutana Tabora. Moto wa kambi ulipowaka, aliyefika alikuwa na habari na aliyemkuta alikuwa na maswali. Zama za misafara zilipopita, jioni zikapata mwenyeji mwingine: gari la sinema. Makala haya ni ya kulikumbuka gari hilo, na kuwashukuru madereva, waendesha mashine na wasemaji waliolifikisha vijijini.

Habari zake zinaanzia Vugiri, katika milima ya Usambara, mwaka 1935. Huko ulianzishwa mradi wa filamu za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukisimamiwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani. Hadi ulipofungwa mwaka 1937, mradi ulikuwa umetengeneza filamu 35: za minyoo ya safura, za kodi, za benki ya akiba ya posta. Lori lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha hazikuwa na sauti zake zenyewe. Maneno yalitoka kwenye santuri, au kwa mtu aliyeshika kipaza sauti akieleza kwa lugha ya wenyeji.

Mtu huyo wa kipaza sauti ndiye kiini cha historia hii. Shuka ilionyesha, yeye akafafanua. Lakini wakati ule maneno yalikwenda upande mmoja tu: serikali ilisema, kijiji kikasikiliza.

Miaka ya mwanzo ya 1950, kipaza sauti kilifika mikononi mwa kijana aliyesoma Tabora. Rashidi Mfaume Kawawa alipotoka Shule ya Serikali ya Tabora aliajiriwa katika ustawi wa jamii, akafanya kazi na kikosi cha sinema ya kutembea kilichofundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kisha akaingia ndani ya picha yenyewe, akawa mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu, mojawapo ya filamu za kwanza za Kiswahili. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mimi naamini kazi ile ya vijijini ilimlea. Anayesimama gizani mbele ya watu asiowajua, akajibu maswali yao mpaka wakaridhika, anajifunza uongozi.

Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Taasisi ya Sauti na Picha ikafuata mwaka 1974. Miaka hiyo ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, kisa cha mtu wa kijijini anayekwenda mjini kutafuta maisha, kisha anarudi kujiunga na kijiji cha ujamaa. Hadithi hiyo ilikuwa na ndugu wakubwa: Gumu, filamu ya mradi wa Vugiri ya miaka ya 1930, na hata Muhogo Mchungu, zote za mtu wa shamba anayekutana na mitego ya mji. Wakoloni na serikali huru walitofautiana kwa mengi, lakini wote walitamani kijana abaki shambani.

Sasa fikiria ujumbe huo ukitua Unyamwezi. Hapa kwenda pwani na mzigo begani kulikuwa ndiko kukomaa. Kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa mwanamume kamili. Mzee mwenye babu aliyetembea hadi Bagamoyo hawezi kuambiwa "usisafiri" akanyamaza. Ndiyo maana filamu peke yake haitoshi. Panahitajika mgeni wa kuizungumzia, na nafasi ya mwenyeji kumjibu.

Nchi ililitambua hilo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, lakini haikumwacha msikilizaji peke yake. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na filamu nazo zikajifunza kuuliza. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inamfuata mwanamke mgonjwa anayeogopa mganga wa jadi, na inawaachia watazamaji swali zito la tiba na imani.

Anayekumbuka jioni hizo anakumbuka jenereta likinguruma pembeni, vumbi na wadudu wakicheza katika mwali wa mashine, watoto chini mbele kabisa. Waliokosa nafasi walikaa nyuma ya shuka, wakatazama picha ileile, herufi zikiwa zimegeuka. Taa ikiwashwa, ndipo kazi ya kuuliza na kujibu ilipoanza.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na vibanda vya video vikaenea, magari yale yalipungua. Lakini mbegu haikufa. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998 kwa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi, limepeleka filamu vijijini Unguja na Pemba na kuwaketisha watu kuzijadili.

Pembe za ndovu zilizopakiwa katika jahazi hizo zilibebwa hadi pwani na wapagazi wa Tabora. Basi ni haki shuka nayo ipande njia ileile, kutoka pwani hadi Ntalikwa, huko Tabora, ambako leo kila mtu anatazama simu yake peke yake. Vifaa ni vichache: mashine, shuka, mgeni mwenye kujua, na mwembe. Swali la kwanza aachiwe mzee.