Picha ya Machweo Ujiji

Picha ni shahidi, lakini shahidi huyo hujibu lile tu aliloulizwa. Wazo hilo hunijia ninapowaona vijana wakipiga picha pale Ujiji jua linapozama.

Saa wanayoichagua ni nzuri. Kigoma iko mbali magharibi, hivyo jua letu huzama karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Likishajificha nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwanga hubaki kama dakika 20 tu. Mpigapicha mzoefu huisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akangoja hadi taa za jengo la makumbusho zilingane na mwanga wa mbingu. Hapo kuta za kisasa na mnara wa mawe huonekana pamoja, wala kimoja hakimezi kingine.

Mnara huo unakumbusha mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa. Iliyopo leo ni mingine. Hata hivyo, anayeitazama picha huwakumbuka Wazungu wawili tu. Susi, aliyekimbia kumpasha Livingstone habari za mgeni, hakumbukwi. Hawakumbukwi wapagazi wala watumwa waliopita hapa na pembe za ndovu, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu.

Katika miaka yangu ya kufundisha walimu, nilikuwa nikiwaambia wanachuo: mkipewa ushahidi wa historia, ulizeni kwanza ni nani aliyeachwa nje. Swali hilo lafaa kwa kamera pia. Hatua chache kutoka kwenye mnara zipo nyumba za udongo zenye baraza, ambamo wajukuu wa wapita njia wale wamezaliwa na kuzikwa. Mvua zinaziangusha moja baada ya nyingine, na mahali pake panainuka matofali ya saruji na bati. Simlaumu mwenye nyumba. Naye anataka kulala pakavu. Lakini nyumba ikianguka bila picha, kitukuu atasimuliwa mambo ya Stanley, asijue mlango wa babu yake ulitazama wapi.

Kwa hiyo nawaomba vijana: mkimaliza mnara, geuzeni kamera upande wa mtaa kabla giza halijaingia. Ombeni ruhusa kwa wenyeji, kisha andikeni nyuma ya picha jina la mtaa, la mwenye nyumba, na mwaka.