Msuli wa peke yako

Jioni, baada ya kila mmoja kupambana kivyake na maswali ya siku, vijana kadhaa wenye asili ya China katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikutana mezani. Walikula pamoja na kulinganisha majibu. Aliyekosea swali peke yake walimbana mpaka aone alipoteleza. Wakikosea wote, walijua swali ni gumu kweli, na hakuna aliyelala akijiona mjinga. Mitihani ya zamani ilipita mkono kwa mkono.

Aliyewachunguza ni Uri Treisman, katikati ya miaka ya 1970, naye mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Kilichomsukuma ni matokeo ya kalkulasi, somo la hesabu ambalo ukianguka, sayansi na uhandisi umeviaga. Katika miaka 10 iliyotangulia, asilimia 60 ya wanafunzi Weusi waliomaliza muhula wa kwanza wa somo hilo pale Berkeley walipata D au F. Kwa lugha ya vyuo vyetu, hapo kudisko kulikuwa mlangoni.

Aliwauliza walimu sababu, na majibu walikuwa nayo tayari: hawana ari, shule zao zilikuwa duni, wazazi hawajali, kwao ni maskini. Treisman hakuridhika. Alichukua wanafunzi Weusi 20 na wenye asili ya China 20, akawafuata kwa miezi 18, karibu aishi nao.

Majibu ya walimu yakapukutika moja baada ya jingine. Wanafunzi hawa Weusi walikuwa vinara wa shule zao, na wako ambao wazazi wao walishaamua watasoma chuo kikuu hata kabla hawajazaliwa. Baadhi ya waliokuja na alama kubwa zaidi za hesabu ndio walioanguka mapema.

Tofauti ilikuwa mezani. Kati ya wanafunzi Weusi 20, 18 hawakuwahi kusoma na wenzao. (Wawili waliosoma pamoja waliishia kuoana.) Hao 18 walipiga msuli wa kalkulasi saa 8 kwa wiki, kila mtu chumbani kwake, na hapo walikuwa wanatii: walimu ndio waliosema saa 2 za kujisomea kwa kila saa 1 ya darasani. Wale wa mezani walifikisha saa 14 hivi. Kinachoniuma ni kwamba kujitegemea, sifa iliyowafikisha chuoni, ndiko kulikowaangusha.

Chuo kilikuwa na huduma za kuwasaidia wanafunzi dhaifu, lakini nani aliyekuwa kinara kwao angejipeleka huko? Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 Treisman alianzisha warsha yenye sura tofauti kabisa: ni ya wanaotaka kung'ara, maswali ni magumu kuliko ya darasani, na yanafanywa kwa makundi. Wanafunzi Weusi walioingia na alama za 600 na kidogo katika mtihani wa hesabu wa kujiunga na chuo walianza kulingana na Wazungu na Waasia walioingia na 750 hivi.

Fikra hiyo ilisafiri. Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, mwanahisani Robert Meyerhoff alitoa fedha, na Freeman Hrabowski, mwanahisabati aliyefungwa jela akiwa na miaka 12 kwa kuandamana kudai haki mjini Birmingham, akaunda mpango wa Meyerhoff kwa wanafunzi Weusi wa sayansi. Kundi la kwanza, mwaka 1989, lilikuwa la vijana Weusi 19, wote wanaume. Wasichana walifuata mwaka 1990. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliobuni chanjo ya Moderna dhidi ya korona, alipitia humo na kuhitimu mwaka 2008.

Wanafunzi wa mpango huo wanapewa ufadhili, lakini hela ni sehemu tu. Kabla ya mwaka wa kwanza wanakaa pamoja wiki 6 za kiangazi, wakisoma na kuzoeana. Masomo yakianza, kusoma kwa makundi ni desturi ya nyumba. Na anayepata C anahimizwa kurudia somo, ingawa kwa sheria za chuo amefaulu.