Grace Bumbry: Sauti ya kati iliyotikisa jukwaa la Wagner

MASII, Machakos

Katika kwaya nyingi za makanisa na shule hapa Masii, waimbaji hugawanywa katika sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Msichana ambaye sauti yake haipandi hadi kileleni bila kukaza koo, wala haishuki chini kabisa bila kufifia, hupelekwa upande wa alto na kuambiwa atulie huko. Wataalamu wa muziki wa Ulaya humwita mwimbaji wa aina hiyo mezo-soprano, yaani mwenye sauti ya kati ya wanawake. Katika opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, mara nyingi hupewa nafasi ya mchawi, mama mzee, hasimu wa mapenzi, pengine hata ya mvulana. Mpendwa mwenyewe kwa kawaida huwa soprano.

Grace Bumbry, Mmarekani mweusi aliyefariki mjini Vienna, Austria, tarehe 7 Mei 2023 akiwa na umri wa miaka 86, hakukubali kutulia alikowekwa.

Alizaliwa tarehe 4 Januari 1937 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama yake mwalimu. Alikulia katika kwaya ya kanisa la Kimethodisti, malezi ambayo msomaji wa Ukambani hahitaji kufafanuliwa. Shule yake ya upili, Sumner, ilikuwa ya watu weusi, na ndiyo iliyowasomesha pia Chuck Berry na Tina Turner. Kielelezo chake, hata hivyo, alikuwa Marian Anderson, mwimbaji mweusi mwenye sauti nzito aliyekuwa amekwisha kupata sifa Marekani na Ulaya.

Akiwa na umri wa miaka 17 alishinda shindano la uimbaji la redio. Sehemu ya tuzo ilikuwa nafasi ya masomo katika chuo cha muziki cha mjini humo. Chuo kilipotambua kwamba mshindi ni mweusi, kilikataa kumwingiza darasani, kikajitolea kumfundisha faraghani, mbali na wanafunzi wazungu. Mama yake alikataa. Uamuzi huo wa mzazi, kwa maoni ya mwandishi huyu, una uzito katika maisha ya Bumbry sawa na tuzo yoyote aliyoipata baadaye.

Mlango mwingine ulifunguka. Aliimba katika kipindi cha Arthur Godfrey cha kusaka vipaji, akapata masomo Boston, kisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Huko alikutana na Lotte Lehmann, soprano mashuhuri mzaliwa wa Ujerumani, aliyemchukua California kuwa mwanafunzi wake. Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao haukumtoka maishani: Lehmann alimsikia kuwa mezo, ilhali mwalimu wake mwingine, Armand Tokatyan, alisisitiza kwamba ni soprano. Kwa muda alimfuata Lehmann. Mwaka wa 1960 aliingia katika Opera ya Paris akiwa Amneris, binti Farao katika Aida ya Verdi.

Mwaka uliofuata, Wieland Wagner, mjukuu wa mtunzi Richard Wagner, alimchagua kuimba nafasi ya Venus, mungu wa mapenzi, katika Tannhäuser kwenye tamasha la Bayreuth nchini Ujerumani. Tamasha hilo liliwahi kuenziwa na Hitler, na mtunzi mwenyewe alikuwa na chuki za kikabila zilizo wazi katika maandishi yake. Mwaka wa 1896 Luranah Aldridge, binti wa mwigizaji mweusi Ira Aldridge, aliandaliwa kuimba huko lakini akaugua kabla ya siku yake. Sasa barua za kupinga zilimiminika na magazeti yakapiga kelele kuhusu Venus mweusi. Wieland alijibu kwamba babu yake alitunga kwa ajili ya rangi za sauti, si za ngozi.

Usiku wa ufunguzi, Julai 1961, Bumbry aliitwa tena jukwaani mara 42, makofi yakidumu nusu saa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Februari 1962 aliimba katika Ikulu ya Marekani kwa mwaliko wa Jacqueline Kennedy, na mwaka wa 1965 akaingia Metropolitan Opera ya New York akiwa Eboli katika Don Carlo.

Angeweza kubaki hapo. Badala yake, mwaka wa 1970 aliimba Salome mjini London, nafasi ya soprano, kisha Tosca. Katika Aida, yeye aliyezoea kuwa binti Farao akawa pia Aida, binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa utumwani Misri. Wapo wahakiki walioona kwamba kule juu sauti ilipoteza sehemu ya utajiri wake. Huenda walisema kweli. Yeye aliendelea na njia yake. Mwaka wa 1985 aliimba Bess katika Porgy and Bess pale Metropolitan, ingawa aliwahi kuona kwamba mchezo huo unawarudisha weusi nyuma.

Aliaga jukwaa la opera mwaka wa 1997 mjini Lyon, Ufaransa, akiwa Klytämnestra, malkia katika Elektra ya Strauss, nafasi ya mezo. Alirejea mara chache baadaye, ikiwemo mwaka wa 2010 mjini Paris katika Treemonisha ya Scott Joplin. Mwaka wa 2009 alipokea heshima ya Kennedy Center mjini Washington. Miaka yake ya mwisho aliitumia kufundisha na kuamua mashindano ya waimbaji chipukizi.