Je, ubongo huota tena? Kisa cha Joseph Altman

Leo naweka programu kando kidogo. Nyanya yangu alipopata kiharusi aliniuliza, mimi msomi wa kompyuta, kama seli za ubongo zikifa huota nyingine. Nilijibu papo hapo: hapana. Ndivyo nilivyofundishwa shuleni. Baadaye nikaketi kusoma, nikakuta jibu langu lina ubishi wa miaka mingi.

Imani hiyo ilipewa uzito na Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1906. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kuwa ubongo uliokomaa hauzai seli mpya za neva.

Mwaka 1962 Joseph Altman, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alilifufua swali hilo. Mbinu yake ilikuwa hivi: seli inayotaka kugawanyika hunakili kwanza DNA yake. Altman aliwadunga panya kijenzi cha DNA chenye mnururisho. Seli yoyote iliyokutwa na alama hiyo ilikuwa mpya, kama vile faili inavyobeba tarehe ya kuundwa. Mwaka 1965, yeye na Gopal Das waliripoti seli mpya za neva katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu.

Wengi hawakumjali. Mwaka 1968 akahamia Chuo Kikuu cha Purdue, akaendelea na kazi.

Kisha ushahidi ukaanza kuja mmoja mmoja. Mwaka 1983 Steven Goldman na Fernando Nottebohm walionyesha neva mpya katika ubongo wa ndege aina ya kanari, sehemu inayoongoza kuimba. Mwaka 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss, huko Calgary, Kanada, walitoa seli shina katika ubongo wa panya waliokomaa, zikazaa neva maabarani. Mwaka 1998 kikundi cha Peter Eriksson na Fred Gage kiliripoti seli mpya katika hipokampasi za wagonjwa 5 wa saratani waliokuwa wamefariki.

Hata hivyo, mwaka 2018 tafiti mbili zilipingana: moja haikuona neva changa kwa watu wazima, nyingine iliziona hata kwa wazee. Na hata kama zipo, hazitoshi kuziba pengo la kiharusi.

Nilimrudia nyanya nikamweleza kuwa wataalamu bado wanabishana, aendelee na mazoezi. Akacheka: "Kumbe siku ile ulinijibu haraka, mjukuu wangu."