Tabibu Naye ni Mwanagenzi

Katika pwani yetu ya kusini, tangu Kilwa hadi Lindi na Mikindani, elimu haikupata kuhesabiwa kuwa mali ya kupokewa siku moja na kufungiwa sandukuni. Mwanachuoni aliyekwisha kupewa ijaza na shehe wake hakuacha kuhudhuria darsa. Alikaa mkekani pamoja na wengine, akasikiliza, akauliza, na pengine akasahihishwa. Nahodha aliyesafiri miaka mingi kwa kaskazi na kusi hakuona haya kumwuliza mvuvi mahali fungu la mchanga lilipohamia baada ya masika. Mkunga mzee alikuwa na mwenziwe aliyemtangulia, ambaye alimwendea jambo lilipomshinda. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba elimu ni bahari.

Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi ada hiyo ilivyoingia, na mara nyingine ilivyochelewa kuingia, katika kazi ya tiba ya kisasa nchini mwetu. Twazungumzia elimu ya kujiendeleza ya madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga, yaani mafunzo ambayo mtumishi wa afya huyapata baada ya kufuzu, akiwa kazini. Wako wanaodhani kuwa jambo hili ni la ofisi za Wizara tu. Sisi tuishio Mtanda, mjini Lindi, twaliona vingine. Mama ampelekapo mwanawe mwenye homa kwa tabibu, hamwulizi alifuzu mwaka gani. Hata hivyo, uhai wa mtoto huyo waweza kutegemea jibu la swali hilo, na zaidi jibu la swali la pili: tangu alipofuzu, amejifunza nini?

Tuanze na historia. Wakati wa utawala wa Mwingereza, mnamo mwaka 1926, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya kufunga vidonda na kutoa dawa chache katika zahanati za serikali za wenyeji. Vijana hao waliitwa madresa. Mafunzo yao yalikuwa ya miezi michache tu, kisha dresa akapelekwa kijijini, akaachwa huko peke yake. Walifanya kazi kubwa, na wazee wetu waliwaheshimu. Lakini mpango wenyewe ulimhesabu dresa kuwa mkono wa kufanyia kazi, wala haukumhesabu kuwa akili iwezayo kukua. Alichofundishwa mwanzo ndicho alichotarajiwa kukitenda mpaka uzeeni.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wananchi waliokuwapo, kama inavyotajwa mara nyingi, walikuwa 12 tu. Mwaka 1963 ikafunguliwa shule ya udaktari Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Pamoja na hayo, Taifa lilichagua njia nyingine yenye hekima: kumjengea ngazi mtumishi aliyekwisha kuwa kazini. Mganga msaidizi wa vijijini aliweza, baada ya kutumika kwa miaka kadhaa, kurudi darasani na kutoka akiwa tabibu. Na tabibu naye akaweza kurudi na kutoka akiwa daktari msaidizi, mwenye uwezo hata wa kufanya upasuaji. Katika mikoa kama wetu, wanawake wengi waliokwama katika uzazi waliokolewa na mikono ya madaktari wasaidizi hao. Ngazi hiyo ilitangaza jambo ambalo mkoloni hakulikubali, kwamba aliyeanza chini aweza kupanda kwa kujifunza.

Hatuna budi kukiri kwamba hata katika zama za ukoloni walikuwapo wachache waliofundisha kwa moyo. Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyefika kusini mwaka 1935, alitumika Lulindi katika Masasi, kisha Mnero katika Nachingwea, akiwafundisha wauguzi wenyeji kando ya vitanda vya wagonjwa. Baadaye alikuwa raia mwenzetu, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Hospitali za namna hiyo zilikuwa shule bila ya kuitwa shule.

Sasa tufikie tukio ambalo kila mwanafunzi wa kusini yafaa alijue. Katika miaka ya 1952 na 1953, katika nyanda za Wamakonde, Jimbo la Kusini, ulizuka ugonjwa wa homa kali na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu mzima atembee akiwa amepinda kama mzee mkongwe. Kwa dalili zake ulikuwa karibu sana na kidingapopo, na daktari aliyeridhika na kitabu chake angeliuandika kuwa kidingapopo, akaendelea na kazi nyingine. Lakini Dakta Marion Robinson aliyaeleza kwa uangalifu yale aliyoyaona kwa wagonjwa, na mtafiti W. H. R. Lumsden akachunguza jinsi ulivyoenea. Maji yalikuwa haba huko juu, watu waliyaweka ndani ya vyombo majumbani, na humo ndimo mbu walimozaliana. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1955, na ikabainika kuwa ugonjwa huo ulikuwa haujapata kutambuliwa na sayansi.

Ugonjwa ukapewa jina la chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, nalo lahusu kule kupinda na kujikunja kwa mgonjwa. Wagonjwa ndio waliolitoa, na madaktari wakalipokea. Leo neno hilo la watu wetu limo katika vitabu vya tiba ulimwenguni kote, maana ugonjwa huo ulizuka Lamu mwaka 2004, ukavuka bahari hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, ukaenea Bara Hindi, na mwaka 2013 ukafika visiwa vya Karibi. Madaktari wa nchi tajiri, ambao chuoni huenda hawakulisikia kamwe jina la Kimakonde, ikawabidi kuketi upya na kujifunza jambo ambalo lilianza kuandikwa hapa kwetu.

Funzo lake ni bayana. Daktari aliyekwisha kufuzu hana budi kuwa na walimu wawili: wenzake walio mbele katika sayansi, na mgonjwa aliye mbele yake. Amwachaye mmoja wao hubaki na elimu nusu.

Mfano wa pili tumeuona sisi wenyewe, nao wahusu malaria. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Watoto waliijua kwa uchungu wake na kwa mwasho wake. Tabibu aliyefuzu mwaka 1975 alifundishwa kuiamini, na wakati huo alifundishwa sawasawa. Lakini vimelea navyo vilijifunza, vikawa sugu. Mwaka 2001 Serikali ikaiondoa klorokwini katika nafasi ya kwanza na kuweka dawa za kundi la SP. Hazikudumu: kufikia mwisho wa mwaka 2006 zikaanza kutumiwa dawa mseto. Kisha vikaja vipimo vya haraka, ambavyo vilimwonyesha tabibu kwamba si kila homa ni malaria, na kwamba yapasa atafute sababu nyingine badala ya kuandika dawa kwa mazoea.

Tazama basi, msomaji: katika utumishi wa mtu mmoja, tangu ujana hadi kustaafu, jibu sahihi la swali moja lilibadilika mara mbili. Tabibu asiyejiendeleza hakuwa mvivu wala mwovu. Yawezekana alikuwa mpole, mwenye huruma, afikaye kazini alfajiri. Lakini dawa aliyoitoa kwa huruma haikuua tena vimelea, na mtoto alirudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Huruma bila elimu mpya haimponyi mgonjwa.

Jambo jingine lililobadilika ni mwananchi mwenyewe. Mwaka 1973 Taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya vyoo, maji na mbu. Wakulima na wavuvi waliokuwa wametoka shambani na baharini waliketi kujifunza jioni. Ikiwa mkulima aliweza, mtumishi wa afya ana udhuru gani?

Udhuru upo, wala si haki kuupuuza. Wa kwanza ni njia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yalipokaza, Lindi na Mtwara zilikuwa kama kisiwa. Kitabu kipya, mwalimu mgeni, hata barua ya Wizara ilichelewa. Hata sasa hatujasalimika: mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo upande wa Kilwa. Udhuru wa pili ni upweke. Zahanati yenye tabibu mmoja hufunga mlango wake anapokwenda kusoma, na wajawazito na watoto hubaki wakingoja. Wa tatu twautaja kwa masikitiko: semina nyingine zimegeuka kuwa safari za posho, ambapo mtu yule yule huchaguliwa kila mara, hutia saini, hula chakula cha mchana, na kurudi na mkoba mpya wenye karatasi zisizosomwa.

Dawa ya nyudhuru hizo ni kuyapeleka mafunzo kwa mtumishi, na kumfundisha kwa kazi yake halisi. Vituo vya mafunzo vya kanda vilianzishwa kwa shabaha hiyo, na cha kusini kikawekwa Mtwara. Jirani zetu wa Rufiji nao wana ushahidi. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, matabibu na wauguzi wa Rufiji na Morogoro Vijijini walifundishwa kwa siku 11 namna ya kumchunguza mtoto mgonjwa mzima mzima, bila kukimbilia dalili moja tu. Wakajifunza wakiwa na watoto wenyewe mbele yao, kisha wakafuatwa vituoni kwao. Watafiti walipozilinganisha wilaya hizo na nyingine mbili zilizokuwa bado hazijapata mpango huo, walikuta watoto wakihudumiwa vizuri zaidi, na vifo vya walio chini ya miaka 5 vikiwa pungufu kwa asilimia 13. Hatusemi kwamba mafunzo peke yake yalileta tofauti yote, maana dawa na usimamizi pia vilikuwapo. Twasema kwamba mafunzo yaliyofuatwa hadi kituoni yana uzito ambao semina ya hotelini haina.

Mnamo Julai 2022, kusini kulijaribiwa tena. Katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, walitokea wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na kutokwa damu puani. Hofu ikatanda. Watumishi wa kituo hawakuficha wala hawakubuni jina la kujitoa aibu, walitoa taarifa. Vipimo vikaonyesha kuwa haikuwa Ebola, wala Marburg, wala UVIKO-19. Ilikuwa homa ya mgunda, ambayo huambukizwa na wanyama, kama panya, kwa njia ya maji na udongo uliochafuliwa na mkojo wao. Wizara ilipotangaza, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Kama mhudumu wa kwanza angeliandika malaria akafunga daftari, ni nani ajuaye wangelikufa wangapi?

Siku hizi jambo hili limeingia katika sheria na kanuni. Ipo sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na wataalamu wenzao, na Baraza la Madaktari Tanganyika humtaka daktari aonyeshe kuwa amejiendeleza ndipo leseni yake ihuishwe. Tunaliunga mkono. Lakini sheria yaweza kuhesabu saa za mtu darasani; haiwezi kuhesabu shauku yake. Shauku hiyo hulelewa mapema, nyumbani na shuleni.

Kwa hiyo neno letu la mwisho ni kwenu walimu na wanafunzi. Mwalimu akubalipo mbele ya darasa kwamba jambo fulani halijui na ataliuliza, huwa amekwisha kumfundisha daktari wa kesho sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika kazi yake. Na wewe mwanafunzi wa Lindi au Kilwa utakayevaa koti jeupe siku moja, ikumbuke ada ya darsa za babu zako. Siku utakayopewa shahada, ipokee kwa furaha, kisha kesho yake urudi mkekani.