Picha za Nyumbani Nazo ni Historia



Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilifahamu ya kwamba wengi wangetarajia habari za vita na za watawala, kwani ndizo nilizozifundisha darasani kwa miaka mingi. Safari hii nimechagua historia iliyo karibu zaidi, ile iliyolala katika bahasha na masanduku chini ya vitanda vya wazazi wetu. Hoja yangu ni moja tu. Picha ya nyumbani ni hati ya historia sawa na barua au mkataba, ila hukaa bubu mpaka mtu anayejua aandike majina nyuma yake. Na wanaojua wanapungua kila mwaka.

KAMERA ILIVYOTUFIKIA

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa umma mjini Paris mwaka 1839, na haukukawia kufika pwani yetu. Kabla karne ya 19 haijaisha, mji wa Unguja ulikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, na mojawapo iliyojulikana sana ni ile ya A. C. Gomes. Lakini hizo zilikuwa picha za wenye nafasi: masultani, mabalozi, matajiri, na wageni waliotaka kadi za kupeleka kwao.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, mpiga picha Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika nchi yetu, nazo zimehifadhiwa Ujerumani hadi leo. Ndani yake utawaona babu zetu sokoni, njiani na kazini. Hata hivyo, katika nyingi ya picha za zama hizo maelezo husema tu "askari", au "wapagazi", au "mwanamke". Sura ipo, nguo ipo, hata kovu la shavuni laonekana. Jina hakuna.

Mabadiliko yalianzia Marekani mwaka 1900, kampuni ya Kodak ilipotoa kamera iitwayo Brownie kwa bei ya dola 1. Ilikuwa boksi tu lenye lenzi mbele na mkanda wa picha 6 ndani, na hata mtoto aliweza kuitumia. Miaka mingi baadaye kamera za namna hiyo zikawafikia makarani, walimu na wauguzi wa kwetu. Asiyekuwa nayo alikwenda studio, kama vile Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930. Basi kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuchagua mwenyewe apigwe picha wapi, na nani, na akiwa amevaa nini.

SANDUKU LA MZEE

Marehemu baba yangu alikuwa karani katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914; nasi watoto wake tulilelewa kando ya reli hiyo, kwanza Kilosa, kisha Tabora, kisha Kigoma. Kila alipopewa uhamisho, mizigo yote aliwaachia wapakizi isipokuwa redio na kamera yake ya boksi, ambavyo alivibeba mwenyewe.

Mkanda mmoja wa kamera ile ulitoa picha 8. Kwa kuwa kuununua na kuusafishisha kulimega mshahara, picha 8 zilikuwa za miezi mitatu au minne. Hakuna aliyeruhusiwa kucheka wala kupepesa macho.

Mzee alipofariki mwaka 1994, sanduku la picha lilinifikia mimi. Nilihesabu picha 143. Zilizokuwa na maandishi nyuma zilikuwa 31 tu.

Nilizisoma kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kusoma hati, yaani kwa kuuliza hati inasema nini, na inanyamazia nini. Karibu zote zilipigwa siku ya Jumapili au sikukuu. Hakuna hata moja ya jikoni, wala ya mama akitwanga, wala ya baba mezani pake kazini. Mtu akizitegemea peke yake atadhani familia yetu haikufanya kazi maisha yake yote! Kumbe sababu ni uhaba wa mkanda. Picha 8 hazipotezwi kwa siku za kawaida.

Lakini yako mengi yaliyoingia bila kualikwa. Katika picha ya mwaka 1958, kaka yangu mkubwa ndiye peke yake mwenye viatu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekwisha kuanza shule. Mwaka 1965 sote tuna viatu. Picha ya steshini ya Kilosa ilikusudiwa kuwa ya shangazi akiagwa. Nyuma yake, hata hivyo, wanaonekana akina mama wenye mabeseni ya ndizi vichwani wakikimbilia madirisha ya behewa la daraja la tatu, na mkono wa abiria umenyooshwa wenye sarafu. Leo, tangu mwaka 2024, treni ya umeme yakupeleka kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Kijana aliyeizoea hiyo hawezi kujua biashara ya dirishani ilivyokuwa, ila kwa picha kama ile.

Baba mwenyewe yumo katika picha mbili tu. Katika nyingine kadhaa kipo kivuli chake, kirefu, kimelala mchangani miguuni petu, maana kamera za boksi zilitaka jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Kwa hiyo ukimtafuta mzee wangu katika historia ya familia yetu, utamkuta zaidi kama kivuli.

JIONI TATU

Desemba 1995 nilisafiri hadi Tabora na lile sanduku. Mama alikuwa amekwisha kuzeeka lakini kumbukumbu zake zilikuwa timamu. Kwa jioni tatu tulikaa barazani, yeye akishika picha moja moja na kuisogeza karibu na taa, mimi nikiandika nyuma kwa kalamu ya risasi. Alikumbuka kwa kanga: "Hii nilinunuliwa alipozaliwa mdogo wako, kwa hiyo ni mwaka ule." Alifika kwenye picha ya msichana wa miaka kama 12 aliyenibeba mgongoni. Nilidhani siku zote ni binamu. Mama akasema, "Huyu ni mtoto wa jirani pale Kigoma. Nilipolazwa miezi miwili, yeye ndiye aliyekulea." Akanitajia jina lake na la baba yake. Nilikuwa na umri wa miaka 40 nilipolijua kwa mara ya kwanza.

Picha moja ilimshinda. Ni ya mwanamume mwenye kofia pana, amesimama karibu na injini ya moshi, mkono wake uko begani kwa baba, nao wote wawili wanacheka. Ni mojawapo ya zile mbili ambamo baba yumo. Mama aliitazama sana, kisha akanirudishia. "Huyu alimjua baba yako." Mama alifariki mwaka 1998. Mtu yule, ambaye pengine alikuwa rafiki mkubwa wa baba, hana jina mpaka leo.

JINA LINAVYOFANYA KAZI

Miongoni mwa picha za Kigoma imo moja tuliyopigwa Ujiji, mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Misafara yao ilikwenda kwa miguu na mabega ya mamia ya watu, na wengi wao hatuwajui. Lakini Abdullah Susi na James Chuma tunawajua. Livingstone alipofariki mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, na mwaka uliofuata wawili hao walifika Uingereza, wakapigwa picha, na majina yao yakaandikwa. Ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kuitazama sura ya Susi na kusema, "Huyu ni Susi." Tofauti kati yake na mpagazi asiyejulikana haikuwa ushujaa. Ni kwamba mmoja aliandikwa.

NENO KWA VIJANA NA WAZEE

Waliokuwa wanachama wa chama cha picha hapa shuleni wanakumbuka chumba cha giza kando ya maabara, na taa nyekundu ambayo haikudhuru karatasi. Picha zile nyeusi na nyeupe zimetengenezwa kwa chembe za madini ya fedha, na zikisafishwa vizuri hudumu miaka mingi sana. Picha za rangi za miaka ya 1970 ni dhaifu zaidi. Rangi ya samawati hufifia kuliko nyingine, nazo hugeuka wekundu hata zikiwa gizani. Hizo ndizo za kunakiliwa kwanza.

Nanyi vijana, simu zenu hupiga kwa siku moja picha nyingi kuliko alizopiga baba yangu kwa mwaka. Lakini simu ikiibwa au ikianguka majini, na nakala haiko mahali pengine, zote zimekwenda. Chagueni chache kila mwaka, mzichapishe kwenye karatasi, na mpige pia picha za jikoni na za kazini ambazo sisi hatukuzipiga.

Kwa wazee wenzangu nina ombi. Njooni mkutanoni na picha zenu, hasa zile za mabwenini na za safari za waranti. Tutakuwa na meza, taa na kalamu za risasi. Msitumie kalamu ya wino, kwani hupenya na kuchafua. Andikeni jina kamili, mahali na mwaka. Usipojua mwaka, andika tukio. Yule aliyesimama pembeni, ambaye kila mtu amemsahau isipokuwa wewe, mwanzeni yeye.

Nawatakia nyote safari njema.